Sarufi Imehamia Wapi? Mzungumzaji wa Kiswahili Mbele ya IELTS na TOEFL

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema hadharani jambo lililowashangaza wengi: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Hawa ni watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakafanya mitihani ya uuguzi kwa Kiingereza, na kila zamu wanajaza mafaili ya wagonjwa kwa Kiingereza. Kiingereza hichohicho kiliwaangushaje?

Majibu yaliyotolewa mitaani na vyuoni yalipingana, na mpaka leo yanapingana. Anayejiandaa leo kwa IELTS au TOEFL, mitihani ya kimataifa ya Kiingereza, awe Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bukavu, ataambiwa na mmoja amalize kitabu cha sarufi jalada kwa jalada. Wa pili atamwambia aachane na sarufi, asikilize redio na kutazama filamu. Wa tatu atamuuzia insha 20 za kukariri. Wa nne atamwambia mtihani wenyewe ni dhuluma, asijisumbue. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anaacha jambo nje. Kabla ya kuzipima hoja hizo inafaa tujue kwanza mitihani yenyewe inapima nini, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko inaanzia hapo.

Sarufi ilikuwa na chumba chake, kisha ikahamishwa

Mtihani wa kwanza wa Cambridge wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni ulifanyika mwaka 1913. Ulichukua kama saa 12, ukiwa na karatasi ya sarufi, tafsiri, fonetiki, insha na mengineyo. Watahiniwa walikuwa watatu, na wote watatu walifeli. Tangu siku hizo mtu aliyetaka kuthibitisha Kiingereza chake alijua kwamba atakutana na sarufi uso kwa uso, katika karatasi yake yenyewe.

TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, iliendeleza mtindo huo kwa namna yake. Toleo lake la karatasi lilikuwa na sehemu nzima ya muundo wa sentensi: maswali 40 ndani ya dakika 25. Baadhi yalikuwa ya kujaza pengo, mengine ya kutafuta kosa miongoni mwa maneno manne yaliyopigiwa mstari. Katika sehemu hiyo mtahiniwa hakutakiwa kutunga sentensi hata moja. Alichagua herufi tu.

Mwaka 2005 toleo la intaneti lilipoanza, sehemu hiyo iliondolewa na kuzungumza kukaingizwa. IELTS, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 1989, haina karatasi ya sarufi kabisa: ina kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, basi. Hata hivyo vitabu vya TOEFL ya zamani bado vinazunguka kwa nakala za PDF kutoka simu hadi simu, na mtu anaweza kujifungia miezi mitatu akijibu maswali ya aina ambayo mtihani wake haujayauliza kwa miaka ishirini.

Kuna sababu nyingine, ya nyumbani, inayotufanya tuendelee kuitafuta karatasi ya sarufi. Mitihani yetu wenyewe ndivyo ilivyotulea. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza ina sehemu ya sarufi yenye alama 15 kati ya 80. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, mtahiniwa amezoea kupewa sentensi na kuambiwa aiandike upya kwa kufuata maelekezo. Sentensi ni ya mtungaji wa mtihani; kazi ya mwanafunzi ni kuigeuza. Mwanafunzi hodari wa kugeuza sentensi za wengine anaweza kufika chuo kikuu bila mtu yeyote kuzikagua zake kwa makini.

Kuondolewa kwa chumba chake hakukuifukuza sarufi nyumbani. Katika IELTS, insha husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali lililoulizwa, mpangilio na mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Kuzungumza nako kuna vigezo vinne, na kimojawapo ni sarufi. Tukipiga hesabu, kwa kuwa stadi nne zina uzito sawa katika alama ya jumla, sarufi inachukua moja kwa moja robo ya kuandika na robo ya kuzungumza, yaani sehemu moja ya nane ya mtihani mzima. Ukiiangalia hivyo utasema ni kidogo.

Lakini alama ya jumla si kitu pekee kinachoangaliwa. Baraza linalosajili wauguzi Uingereza hutaka alama ya IELTS ya 7, kati ya 9, katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na tangu mwishoni mwa 2018 limeshusha kuandika kutoka 7 hadi 6.5. Vyuo vingi navyo huweka kiwango cha chini kwa kila stadi. Chukua mwandishi aliyepata 7 katika vigezo vitatu vya insha na 5 katika sarufi: wastani wake ni 6.5. Kama chuo kinataka 7, sarufi peke yake imemfungia mlango. Sasa mgeuze. Mwingine ana sarufi ya 9, lakini vigezo vingine vitatu amepata 5. Wastani wake ni 6. Kwa hiyo sarufi inaweza kumwangusha mtu, ila haiwezi kumbeba peke yake, na hapo ndipo hoja nyingi za walimu wa tuisheni zinapopinda.

Ni muhimu pia kujua kigezo chenyewe kinasemaje. Maelezo ya alama yaliyo wazi kwa umma hayataji idadi ya makosa. Kwa kifupi, mwandishi wa 5 ana miundo michache, na akijaribu sentensi changamano huharibika zaidi kuliko zile sahili. Wa 6 huchanganya sahili na changamano, anakosea, lakini makosa yake ni nadra kumkwamisha msomaji. Wa 7 ana miundo ya namna nyingi na mara kwa mara anatoa sentensi zisizo na kosa hata moja. Msahihishaji anatafuta mambo mawili yanayovutana: upana wa miundo na udhibiti wake. Anayejificha katika sentensi fupi fupi ili asikosee hukosa upana. Anayetunga sentensi ndefu za kujionyesha hukosa udhibiti. Ukitaka kimoja unahatarisha kingine, na hakuna kitabu kinachoweza kukuondolea mvutano huo.

Jambo la karibuni zaidi linawapa nguvu mpya mashabiki wa sarufi. TOEFL iliyobadilishwa Januari 2026, yenye alama za 1 hadi 6, imeleta katika kuandika zoezi la kujenga sentensi: mtahiniwa hupewa maneno yaliyovurugwa na kuyapanga yawe sentensi inayoeleweka katika mazungumzo. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, mpangilio wa maneno umerudishiwa kijichumba chake.

Makosa yanatoka wapi

Wengi hudhani makosa ya Kiingereza ni mengi yasiyohesabika, kama mchanga wa pwani. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili si kweli. Ni machache, yanajirudia, na mengi yana anwani inayojulikana. Tazama sentensi hii ambayo mtahiniwa yeyote wa Morogoro au Kisumu angeweza kuiandika:

"Although government has built many schools, but students who they study there still lack equipments."

Maneno 15, makosa manne kwa uchache. Sasa isome kwa Kiswahili: ingawa serikali imejenga shule nyingi, lakini wanafunzi wanaosoma humo bado wanakosa vifaa. Sentensi safi. Kila kosa la Kiingereza limetoka katika usahihi wa Kiswahili. Kiswahili cha kila siku kinaruhusu "ingawa" na "lakini" kushikana mikono. Kiingereza kinataka kimoja tu. Katika "wanaosoma" mna kiambishi cha nafsi, wa-, na kirejeshi, -o-, vyote ndani ya neno moja, kwa hiyo anayehamisha kila kipande huandika "who they". Nomino "vifaa" ni ya wingi, basi naye akaongeza s mahali ambapo Kiingereza hakihesabu. Na "serikali" kwa Kiswahili husimama peke yake bila kutanguliwa na kineno chochote, wakati Kiingereza kinaidai "the".

Hicho kineno "the", pamoja na "a", ndicho kinachotesa wengi zaidi. Walimu husema Kiswahili hakina kitu kama hicho. Hapa wanapitwa na jambo. Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Ya kwanza ni kitabu fulani tu. Ya pili ni kile ambacho mimi na wewe tunakijua. Kiambishi -ki- kimefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa "the". Mzungumzaji wa Kiswahili anayo hisia ya kitu kinachojulikana na kisichojulikana tangu utotoni, isipokuwa lugha yake huiweka ndani ya kitenzi na Kiingereza huiweka mbele ya nomino. Ulinganisho huu una mipaka yake, ila ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko orodha ya kanuni 30 na vighairi vyake.

Njeo nazo zina mitego. Kiambishi -me- mara nyingi hutafsiriwa kuwa wakati timilifu, na mwanafunzi huamini ameshaelewa. Kisha katika kuzungumza anaombwa amweleze mtu anayemheshimu, anasema "he has worn a white coat", kwa sababu kwa Kiswahili mtu huyo amevaa koti jeupe. Amevaa, amekaa, amelala, amesimama: kwetu ni hali aliyomo mtu sasa hivi, na Kiingereza hutumia umbo jingine kabisa. Tena "nimemwona jana" haimshtui mtu sokoni Kariakoo, lakini "I have seen him yesterday" humshtua msahihishaji.

Halafu kuna kosa lisiloonekana kwa macho ya wengi, la alama ya mkato. Kiswahili kina -ka-: alifika hospitali, akajiandikisha, akasubiri saa tatu, akaondoka. Mkato unatosha kwa sababu -ka- tayari imeviunga vitendo kwa mpangilio wake. Kiingereza hakina -ka-. Mtahiniwa anayeandika "He arrived at the hospital, he registered, he waited three hours, he left" ameacha vishazi vinne huru vikielea bila kiungo. Katika kigezo cha sarufi ni kosa la muundo wa sentensi, na ni zito kuliko s iliyosahaulika, kwa sababu linaonyesha kwamba mwandishi hajui sentensi ya Kiingereza inaishia wapi. Nimeshangaa siku zote kwamba madarasa ya maandalizi huligusa juu juu tu.

Si wazungumzaji wote wa Kiswahili wenye ramani moja. Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura hasahau "the" mara nyingi. Tatizo lake huwa kuizidisha. Ataandika "The life is difficult" kwa sababu Kifaransa kinataka kineno hicho hata maisha yanapotajwa kwa ujumla, na mwenzake wa Morogoro ataandika "Government is responsible" bila kitu. Ukiwapa wote wawili zoezi lile lile la kitabu, mmoja utamtibu na mwingine utamwongezea ugonjwa.

Wanaosema: sarufi kwanza

Kambi hii ina kitabu chake. English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kina mpango ambao wanafunzi wameupenda kote duniani: ukurasa wa kushoto maelezo, wa kulia mazoezi. Mwanafunzi anaona alipoanza na alipofika. Kwa mtu anayesoma peke yake usiku baada ya kazi, hilo si jambo dogo.

Wana ushahidi pia. John Norris na Lourdes Ortega walichapisha mwaka 2000 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu ufundishaji wa lugha, wakaona kwamba kufundisha kanuni waziwazi kunaleta matokeo bora kuliko kuiachia akili izing'amue yenyewe. Hoja ya msingi inaeleweka: kitu usichokiona huwezi kukirekebisha. Sauti ya "the" katika mazungumzo ni nyepesi kama pumzi. Sikio la Kiswahili linaweza kuipita miaka kumi bila kuisikia.

Udhaifu wao upo ndani ya ushahidi huohuo. Tafiti nyingi zilizojumlishwa zilipima maendeleo kwa majaribio yanayofanana na mazoezi yenyewe, yaani kujaza na kuchagua. Katika kujaza pengo, kitabu kimekwisha kukuonyesha mahali palipo na shida: pengo lenyewe. Unapoandika insha yako hakuna pengo. Ni lazima wewe mwenyewe ujue kwamba hapa, katikati ya neno la nne na la tano, palitakiwa kuwa na kitu. Huo ni ujuzi mwingine, na mazoezi 100 ya kujaza yanaweza yasiuguse. Ndiyo maana wapo wanaopata 18 kati ya 20 katika zoezi la vishazi rejeshi asubuhi, na jioni wakaandika "people who they live in town" bila kusita.

Wanaosema: zama katika lugha

Upande wa pili una mwanafalsafa wake, Stephen Krashen wa Marekani, aliyeeleza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lugha hupatikana kwa kuelewa ujumbe ulio juu kidogo ya kiwango chako, na kwamba kanuni za sarufi hutumika tu kama mkaguzi wakati mtu ana muda wa kutosha. Katika chumba cha kuzungumza cha IELTS, ambako mtu ana dakika 11 hadi 14 na mtahini anamtazama, muda huo haupo. Hoja ina uzito. Aidha, kusoma na kusikiliza ni nusu ya mtihani, na hakuna njia ya mkato ya kuvijua zaidi ya kusoma na kusikiliza.

Lakini Kanada iliwapa wanaisimu funzo gumu. Watoto wa wazungumzaji wa Kiingereza walifundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Walielewa karibu kama wenyeji, ila walipozungumza na kuandika walibaki na makosa mengi ya sarufi. Merrill Swain, aliyewachunguza, alidai mwaka 1985 kwamba kuelewa hakutoshi. Mtu anaweza kuelewa sentensi kwa kushika maneno makuu na kuruka viungo vyake. Anapolazimika kutunga na kusukumwa aseme kwa usahihi ndipo viungo humlazimu.

Ukitazama vizuri utaona kwamba wauguzi wa Kenya walikuwa ndani ya jaribio kama hilo maisha yao yote. Na kwa Tanzania hata huko kuzama kwenyewe kuna shaka. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza katika shule za sekondari kilikuwa hafifu kiasi cha kuzuia masomo mengine yasieleweke. Darasa ambalo mwalimu anaeleza kwa Kiswahili na kuandika notsi za Kiingereza ubaoni ili zinakiliwe halimzamishi mtu. Linamlowesha miguu. Na Kiingereza tunachokisikia pande zote, maofisini na redioni, kimejaa "discuss about" na "equipments" zetu wenyewe. Unayezama ndani yake unaibuka nayo.

Violezo vya kukariri

Kambi ya tatu haihitaji maneno mengi. Kukariri fungu la kufungulia insha kunapunguza hofu, na viungo kama "on the other hand" vinafaa mahali pake. Zaidi ya hapo hasara ni kubwa. Wasahihishaji wamefunzwa kutambua lugha iliyokaririwa, na jibu lililokaririwa zima linaadhibiwa vikali. Baya zaidi ni mshono: sentensi ya kwanza imenyooka kama ya gazeti la London, ya pili ina "although" na "but". Kiolezo kinamwangazia msahihishaji makosa ya mwandishi kwa taa kali kuliko ambavyo yangeonekana peke yake.

Kiingereza cha nani?

Wapo wanaoukataa mchezo wenyewe. Braj Kachru, mwanaisimu mzaliwa wa India, alieleza mwaka 1985 kwamba Kiingereza kina duara la ndani, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, na duara la nje la nchi kama Kenya na Tanzania, ambako lugha hiyo imepata kanuni zake. Katika orodha ya nchi ambazo Uingereza inawahesabu raia wake kuwa wazungumzaji wa Kiingereza wasiohitaji kupimwa, Jamaika na Malta zimo. Nchi ya Afrika haimo hata moja. Kuna vyuo vya Uingereza vinavyokubali alama ya Kiingereza ya KCSE bila IELTS, jambo linaloonyesha kwamba ukuta huo si wa lazima kila mahali.

Hoja hii naiona ya haki, na ni ya kupelekwa mezani pa serikali zinazosaini makubaliano ya ajira. Inapaswa kusemwa huko kwa sauti. Kwa mtahiniwa mwenye tarehe ya mtihani mfukoni haibadilishi kitu: Jumamosi atakaa na karatasi ileile, na msahihishaji atatumia vigezo vilevile.

Kuzipima

Swali la "sarufi au matumizi" limekaa vibaya tangu mwanzo. Mazoezi ya kitabu hufundisha kuona kanuni katika sentensi za mwingine. Kusoma na kusikiliza hufundisha kuelewa sentensi za mwingine. Mtihani unakagua sentensi zako. Kitu ambacho kambi zote zimekiacha nje ni kazi ya mtu na sentensi zake mwenyewe, na hiyo ndiyo adimu kuliko zote katika madarasa ya maandalizi, kwa sababu rahisi ya kiuchumi: mwalimu mmoja anaweza kuwafundisha watu 40 njeo kwa saa moja, lakini kusoma insha 40 na kuzirudisha na maelezo kunamchukua siku mbili.

Hata kusahihisha kwenyewe kuna namna. John Truscott alidai mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi katika insha hakufai na kuachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999, na mjadala umeendelea tangu hapo. Anayejua insha inayorudi imepakwa wino mwekundu kutoka juu hadi chini atakubali kwamba Truscott hakuwa na wazimu: mwanafunzi huangalia alama, huikunja karatasi, na yamekwisha. Lakini John Bitchener, akiwa New Zealand, alionyesha mwaka 2008 kwamba ukichagua jambo moja tu mambo hubadilika. Yeye alichagua "a" kwa kitu kinachotajwa mara ya kwanza na "the" kinaporudi, akaacha makosa mengine yote. Wanafunzi waliosahihishwa hivyo walipata nafuu, na nafuu ikadumu miezi miwili baadaye. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili utafiti huo ni kama uliandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo uzito unategemea mtu amesimama wapi. Aliye chini, wa 4 hivi, apunguze haraka ya sarufi. Asome vitabu vyepesi vingi, maana hana sentensi za kutosha za kusahihisha. Aliye kwenye 5 kitabu cha mazoezi kitamfaa, mradi achague sura zinazohusu makosa yake na aziache nyingine. Aliyekwama kwenye 6 au 6.5, ambaye ndiye mtahiniwa wa kawaida wa nchi zetu na pengine ndivyo walivyokuwa wengi wa wale wauguzi, hana haja ya kitabu kipya. Aandike insha ya maneno 250 kwa dakika 40, ailaze mpaka kesho, kisha aisome mara tano, kila mara akiwinda kosa moja tu: mara ya kwanza nukta na mikato, ya pili "although" na "but", ya tatu virejeshi, ya nne "the" na "a", ya tano s ya kitenzi na ya nomino. Ahesabu kila kundi na kuandika idadi pembeni. Baada ya insha sita ataona kundi gani linashuka na lipi limegoma, na hapo ndipo afungue kitabu.

Hiyo s ya nomino isidharauliwe. Katika kusikiliza, jibu linalotaka wingi likiandikwa umoja huhesabiwa kosa hata kama mtu amesikia vizuri kabisa.

Upana nao una zoezi lake: chukua sentensi mbili fupi kutoka katika insha yako mwenyewe, ziunge kwa njia tatu tofauti, kisha chagua moja unayoweza kuidhibiti. Kwa kuzungumza, jirekodi kwa simu dakika mbili, kama katika sehemu ya pili ya IELTS, halafu andika neno kwa neno ulichosema. Ni kazi inayochosha na inayoaibisha kidogo. Lakini "he has worn" isiyosikika mdomoni huonekana mara moja karatasini.

Njia hii ina gharama zake. Ni ya polepole, haitoi raha ya kumaliza sura, na mtu peke yake hawezi kuona kosa asilolijua. Lazima apate jicho la pili, la mwalimu au la mwenzake aliyemzidi. Mwenye wiki mbili tu kabla ya mtihani haitamfikisha mbali. Huyo bora ajifunze muundo wa maswali na matumizi ya muda. Mwenye miezi mitatu ana nafasi ya kweli. Cheti cha IELTS chenyewe kwa kawaida hukubalika kwa miaka 2, kwa hiyo kukimbilia tarehe kabla ya kuwa tayari ni kununua muda ambao huenda usiutumie.

Ukienda kujiandikisha darasa la maandalizi, usiulize wana vitabu vingapi wala walimu wametoka wapi. Uliza hivi: mtasoma insha zangu ngapi, na mtanirudishia baada ya siku ngapi? Wakikosa jibu, bakia na fedha yako.